Juu ya nini mikebe ya mbali inachapwa, na bidhaa za kwetu zinabandikwa karatasi?

Katika butiki nyingi za Goma, Bukavu, Uvira au Butembo, mpangilio unafanana. Rafu ya juu iko na mikebe: sardini, tomati ya kusaga, maziwa ya unga. Picha imeshika kwenye chuma chenyewe, rangi nyekundu inawaka, na maandishi hayabanduki hata katoni ikilowa mvua njiani. Rafu ya chini kuna vitu vya hapa: asali, kahawa ya Kivu, pilipili ya kusaga, maji ya matunda. Hivyo viko ndani ya chupa au kopo la plastiki, na juu yake kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Kisha wiki chache, pembe za karatasi zinaanza kuinuka.

Wanunuzi wengi wanapima kwa macho. Kilichochapwa juu ya chuma kinaonekana cha kuaminika, chenye karatasi kinaonekana cha kubahatisha. Lakini tofauti hiyo haitoki kwa ubora wa kile kilicho ndani. Inatoka kwa kazi moja ambayo mnunuzi haioni kamwe: maandalizi yanayofanywa mbele ya mashini ya kuchapa kuanza kuzunguka. Wenye kazi hiyo wanaiita prepresi.

Katika miaka 30 iliyopita, teknolojia ya prepresi imebadilika sana. Kazi iliyochukua siku nyingi sasa inamalizika kwa saa chache. Ila chuma kinabaki chuma, na gharama ya kukiandalia picha bado inamfungia mlango mzalishaji mdogo.

Bati la Walikale na mkebe wa dukani

Watu wanasema "mkebe wa bati", lakini mkebe hautengenezwi kwa bati tupu. Ni karatasi nyembamba ya chuma, mara nyingi chini ya nusu milimita, iliyopakwa bati pande zote mbili. Bati lenyewe ni kidogo sana, gramu chache tu kwa kila mita moja ya mraba. Kazi yake ni kuzuia kutu na kulinda chakula. Mikebe mingine, hasa ya bia na soda, na sehemu ya mikebe ya sardini, ni ya aluminiamu.

Bati linatokana na kasiterite, madini ambayo wakaaji wa Kivu na Maniema wanayajua vizuri. Mgodi wa Bisie, katika teritware ya Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17.000 za bati mwaka wa 2024. Hiyo ni karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Mwezi wa tatu 2025, vita vilipokaribia, kazi ya mgodi ilisimamishwa, kisha ikaanza tena polepole mwezi uliofuata.

Karibu nusu ya bati la dunia inatumiwa kuunganisha vipande vya simu, kompyuta na mashini nyingine za umeme. Sehemu ndogo zaidi inakwenda kupaka karatasi za chuma za mikebe. Hakuna anayeweza kushika mkebe mmoja na kusema bati lake limetoka Bisie, sababu madini ya nchi nyingi yanachanganyika kwenye viwanda vya kuyeyusha. Lakini safari hiyo ipo: kinachotoka hapa kikiwa mchanga mzito kinaweza kurudi kikiwa mkebe wenye picha ya samaki. Thamani imeongezwa huko katikati, na uchapaji ni sehemu ya thamani hiyo.

Chuma kiliifundisha karatasi

Wengi wanafikiri kuchapa juu ya chuma ni kuiga kuchapa juu ya karatasi. Kwa njia ya uchapaji inayotumika zaidi leo, historia inasema kinyume.

Mwaka wa 1796, Aloys Senefelder wa Ujerumani aligundua namna ya kuchapa kwa kutumia jiwe laini bapa. Siri yake ni kwamba mafuta na maji havipatani: sehemu yenye picha inashika wino wa mafuta, sehemu tupu inashika maji na kukataa wino. Kwa karatasi, njia hiyo ilikuwa nzuri. Kwa chuma ilikuwa taabu, kwani jiwe gumu likikandamizwa juu ya chuma kigumu, wino haukai sawasawa.

Mwaka wa 1875, huko Uingereza, Robert Barclay alipata hati ya ugunduzi wa mashini yenye jibu. Picha haikutoka tena kwenye jiwe moja kwa moja mpaka kwenye chuma. Ilipita kwanza kwenye mtungi wa kuzunguka uliofunikwa kartoni maalum, kisha mtungi ndio uliochapa chuma. Baadaye kartoni ikaachia nafasi mpira. Mpira unabonyea kidogo, unafuata uso wa chuma na kuacha wino pale unapotakiwa.

Ni karibu miaka 30 kisha hapo, mnamo 1904, ndipo Ira Rubel wa Marekani alipotumia mpira huo kuchapa karatasi. Njia hiyo inaitwa ofseti, na ndiyo inayochapa vitabu vya shule na magazeti mengi mpaka leo. Mkebe wa biskuti ulitangulia, kitabu kikafuata.

Prepresi ni kazi gani hasa?

Grafisti anapomaliza kuchora mkebe kwenye kompyuta, anaona picha moja yenye rangi zote. Mashini haioni hivyo. Mashini inajua rangi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo picha inapaswa kutenganishwa: buluu peke yake, nyekundu ya waridi peke yake, manjano peke yake, nyeusi peke yake. Kisha kila rangi inavunjwa kuwa nukta ndogo sana. Ukiangalia mkebe kwa kioo cha kukuza, utaziona. Pale nukta zilipo kubwa, rangi inakolea. Zilipo ndogo, rangi inafifia.

Kila rangi inapata plaki yake, yaani bamba jembamba linalofungwa kwenye mashini. Rangi nne, plaki nne. Kama kampuni inataka nyekundu yake maalum ambayo wateja wanaitambua kwa mbali, inaongezwa plaki nyingine.

Zamani, kati ya picha na plaki kulikuwa na filamu, kama zile za foto. Mafundi walizikata na kuzipanga kwa mkono juu ya meza yenye taa. Vumbi kidogo likiingia, linakuwa alama kwenye maelfu ya mikebe. Kosa la herufi moja likionekana kwa kuchelewa, filamu inafanywa upya. Kuanzia miaka ya 1990, viwanda vikaanza kuruka hatua ya filamu: kompyuta inatuma picha, na mwanga wa leza unaichora moja kwa moja juu ya plaki. Nukta zinatoka safi zaidi, dawa za kusafishia filamu hazihitajiki, na faili inaweza kutumwa kwa intaneti kutoka mji mmoja hadi nchi nyingine siku hiyohiyo.

Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini plaki nzuri ni mwanzo tu.

Chuma hakinywi wino

Karatasi inanyonya wino. Chuma hakinyonyi kitu. Wino uliowekwa juu yake unabaki pale juu, mbichi, tayari kuchafua karatasi ya chuma inayofuata. Kwa hiyo, kisha kuchapwa, karatasi za chuma zinapitishwa kwenye tanuru refu ili wino na vernisi zikauke kwa moto. Viwanda vingine vinatumia mwanga wa ultravioleti, ambao unakausha wino maalum kwa muda mfupi sana.

Moto huo una matatizo yake. Rangi nyeupe ikipita kwenye tanuru mara nyingi au kwa joto kupita kiasi, inaanza kugeuka manjano. Mtu wa prepresi anapaswa kujua mapema mkebe utapita motoni mara ngapi, asije akaandaa rangi ambayo itabadilika njiani.

Kisha kuna rangi ya chuma chenyewe. Karatasi ni nyeupe tayari, chuma ni kijivu kinachong'aa. Picha ya tomati ikiwekwa juu yake moja kwa moja, inatoka giza. Ndiyo maana mikebe mingi inapakwa nyeupe kwanza. Lakini si lazima nyeupe ipakwe kila mahali. Ikiachwa nafasi bila nyeupe, na juu yake kuwekwa manjano inayopitisha mwanga, jicho linaona dhahabu. "Dhahabu" ya mikebe mingi ya maziwa na biskuti ni ujanja huo tu.

Sasa, skrini ya kompyuta haiwezi kuonyesha mng'ao wa chuma. Karatasi ya printa ya ofisi pia haiwezi. Mteja anayekubali picha kwa kuiangalia kwenye simu yake anaweza kushangaa mikebe ikifika: nyekundu si ile, dhahabu imekuwa kahawia. Viwanda vizuri vinatoa kwanza jaribio lililochapwa juu ya chuma cha aina ileile, kisha wanapima rangi kwa chombo maalum, si kwa macho pekee. Jaribio hilo lina bei yake.

Samaki anachorwa akiwa amepinda

Taabu kubwa zaidi ni umbo. Mikebe ya tomati na maziwa ya unga ni rahisi kidogo: karatasi ya chuma inachapwa ikiwa bapa, inakatwa, inakunjwa kuwa duara, inaunganishwa kwa umeme, kisha inawekewa kitako na mfuniko. Mtu wa prepresi anaacha tu ukanda usio na rangi pale mshono utakapopita, sababu rangi inazuia umeme.

Kwa baadhi ya mikebe ya sardini na mifuniko mingi, mambo ni mengine. Chuma kinachapwa kikiwa bapa, kisha mashini inakigonga na kukivuta mpaka kinakuwa kibakuli. Kikivutwa, picha nayo inavutwa. Herufi zilizokuwa sawa zinarefuka kwenye ubavu, na duara linakuwa yai.

Jibu ni kuchora kwa kupindisha makusudi. Kwanza wanachapa miraba midogo, kama ya daftari la hesabu, juu ya chuma bapa. Wanakigonga, kisha wanapima kila mraba umevutika kiasi gani na upande gani. Halafu picha inapindishwa kinyume chake. Kwenye karatasi bapa samaki anaonekana mlemavu. Mkebe ukishapata umbo, ananyooka. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na kwa kurudiarudia. Siku hizi programu za kompyuta zinahesabu zenyewe, na zinamwonyesha mteja mkebe mzima kwenye skrini mbele ya plaki kutengenezwa. Hata hivyo, chuma cha unene tofauti kidogo kinavutika tofauti, na hesabu inapaswa kuanza tena.

Kapsuli za chupa za bia na soda zinafuata njia jirani. Mamia ya vifuniko yanachapwa juu ya karatasi moja ya chuma, kisha kila kimoja kinakatwa na kukunjwa kingo. Picha ikisogea kidogo tu pembeni, jina la kinywaji linaangukia kwenye meno ya kifuniko.

Mkebe wa bia au soda una taabu yake pia. Unachapwa ukiwa tayari duara, na kwenye mistari ya kasi ni zaidi ya mikebe 1.500 kwa dakika moja. Rangi zote zinakusanyika juu ya mpira mmoja zikiwa mbichi, kisha zinahamia kwenye mkebe kwa mguso mmoja. Rangi mbili zikipandana zinachafuana. Kwa hiyo mtu wa prepresi anaziweka bega kwa bega, na kati yake anaacha nafasi nyembamba kama unywele. Ndiyo sababu mikebe mingi ya vinywaji ina michoro ya rangi bapa, na foto ni chache.

Kilichosonga mbele, na kinachobaki

Zaidi ya plaki za leza na programu za kupindisha picha, kuna mabadiliko mengine mawili makubwa.

La kwanza ni rangi saba za kudumu. Zamani kila komande ilikuja na nyekundu yake au kijani chake, kikachanganywa ndani ya ndoo. Kubadilisha kazi kulimaanisha kusimamisha mashini na kuosha wino wote. Sasa viwanda kadhaa vinaacha ndani ya mashini rangi nne za kawaida pamoja na machungwa, kijani na zambarau, na kwa hizo wanapata karibu rangi zote wateja wanazotaka. Muda wa kuosha unapungua. Lakini plaki saba zinapaswa kukutana mahali pamoja bila kosa. Kwenye mashini za zamani zinazochapa rangi moja au mbili kwa mpito, hiyo ni kazi ngumu.

La pili ni kuchapa bila plaki kabisa. Mashini inarusha matone ya wino juu ya mkebe, kama printa ya ofisi. Inawezekana kuchapa mikebe michache, hata kila mmoja ukawa na jina lake. Hapo ndipo mzalishaji mdogo angepata nafasi. Ila mashini hizo ni za bei ghali, kasi yake bado iko chini sana ya ile ya njia ya kawaida, na kila mkebe unagharimu zaidi ukichapwa kwa wingi.

Kwa nini mlango bado umefungwa

Gharama kubwa ya mkebe uliochapwa inalipwa mbele ya mkebe wa kwanza kutoka: kutenganisha rangi, plaki, jaribio la chuma, kupanga mashini, na karatasi za chuma zinazotupwa mpaka rangi ikae sawa. Gharama hiyo ni karibu ileile, mikebe iwe elfu moja au milioni.

Hesabu ya mfano, si bei ya kiwanda: maandalizi yakigharimu dola 2.000, anayechapa mikebe 1.000 anaongeza dola 2 kwa kila mkebe. Anayechapa 500.000 anaongeza chini ya nusu ya senti. Ndiyo sababu viwanda havipendi komande ndogo. Ongeza usafiri: mkebe mtupu ni hewa nyingi na chuma kidogo, na gari linajaa haraka bila kubeba uzito wa maana. Kwa barabara za kwetu, hiyo ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo koperative ya kahawa au ya asali inayobandika etiketi ya karatasi haifanyi uzembe. Imefanya hesabu. Etiketi nzuri, yenye gundi inayostahimili maji na maandishi yanayosomeka, ni bora kuliko mkebe uliochapwa vibaya kwa deni.

Kwa wanaotaka kujaribu, kuna njia ya katikati: wazalishaji kadhaa wanachapa mkebe mmoja wa pamoja wenye jina la eneo au la muungano wao, kisha kila mmoja anaongeza etiketi ndogo yenye jina lake. Gharama ya plaki inagawanywa.

Mbele ya kulipa, kuna mambo ya kudai:

- Jaribio lichapwe juu ya chuma chenyewe, si juu ya karatasi wala foto ya simu.
- Faili ya mwisho ibaki pia mikononi mwa mzalishaji. Akibadilisha kiwanda, asianze upya.
- Watu wawili au watatu wasome kila herufi: jina, uzito, viungo, namna ya kutumia, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Plaki ikishatengenezwa, kosa moja linakaa kwenye kila mkebe.
- Kodi ya mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe, kwani chuma kinachong'aa kinadanganya mashini ya kusoma. Kwenye mkebe mwembamba wa duara, mistari ilale kama vidato vya ngazi.
- Nafasi tupu iachwe kwa tarehe ya kumalizika na namba ya fungu.

Na mnunuzi?

Jambo hilo la mwisho linamhusu kila mtu anayeingia butiki. Mkebe mara nyingi unachapwa muda mrefu mbele ya chakula kuingia ndani. Picha haijui kilichojazwa. Tarehe na namba ya fungu ndizo zinazoongezwa na mashini nyingine ndogo wakati wa kujaza, mara nyingi chini ya kitako au juu ya mfuniko.

Kwa hiyo mikebe miwili ya jina moja ikiwa na nyekundu zisizolingana kabisa, hiyo peke yake si uhakika kwamba mmoja ni wa bandia. Inawezekana zimetoka kwenye tanuru mbili, au viwanda viwili. Na nyekundu ikilingana kabisa, hiyo nayo si uhakika kwamba chakula ni kizima. Cha kuangalia ni tarehe: je, imekwaruzwa? Je, kuna karatasi iliyobandikwa juu yake? Kisha mkebe wenyewe. Uliovimba, unaovuja au ulioliwa na kutu kwenye mshono hauliwi, hata samaki wa juu akiwa mzuri namna gani.

Na chupa ya asali ya hapa, yenye karatasi iliyoinuka pembe, isomwe kwa namna ileile: nani ameitengeneza, wapi, lini, na itamalizika lini. Kama hayo manne yameandikwa na yanasomeka, karatasi imefanya kazi yake.